Daktari wa mabusha

Mama yangu anawaambia majirani mwanangu ni daktari bingwa wa upasuaji, na majirani wanajua napasua mioyo na vichwa, mi nanyamaza tu. Ukweli niko hospitali moja huku pwani na wiki yangu ni ngiri, vidole tumbo, vijana wa bodaboda waliovunjika, na mabusha. Mabusha mengi. Kwenye grupu la WhatsApp la tuliosoma pamoja wananiita Dokta Busha, nishazoea.

MD, yaani shahada ya udaktari, miaka 5, intani ya mazoezi hospitalini mwaka 1, ukarudi tena shule kusomea ubingwa, na huko kote kazi yako kubwa ni kushika vile vyuma vya kupanulia kidonda mpaka mkono ufe ganzi, huku bingwa anakuuliza jina la kila mshipa unaopita. Siku ya kwanza kupewa kisu mwenyewe mgonjwa alikuwa na busha. Ganzi ya mgongoni, nikapasua, maji yakatoka rangi ya chai ya rangi iliyopauka, na mzee yuko macho nyuma ya pazia anauliza, "Lita ngapi hizo mwanangu?" Sista akampimia, mbili na kidogo. Mzee akasononeka, alijua tano.

Nikashona nikijiona kweli. Saa nane usiku naitwa wodini, pamevimba upya, pagumu, pamejaa damu. Kuna kimshipa nilikiacha kinavuja. Bingwa akaja tukafungua tena, wala hakunigombeza, alisema tu, "Damu haina haraka, wewe ndo una haraka." Mpaka leo kabla sijashona nahesabu kimoyomoyo mpaka 60 nikiangalia gozi, kile kitambaa cha kufyonza damu, kama inalowa, intani wangu wanadhani naomba dua.

Sasa hili la madafu. Huku ukiuliza busha linatokana na nini utaambiwa mzee alikunywa sana madafu. Sio madafu jamani! Mengi ya huku ni minyoo ya matende inayoletwa na mbu, wakiwemo hawa wa mjini wanaozaliana kwenye vyoo na mitaro michafu. Minyoo inajichimbia kwenye mirija ya limfu miaka na miaka, mirija inaharibika, maji yanajaa. Zile dawa za kampeni, ivermektini na albendazoli, ambazo watu wanapokea halafu wanatupa eti zinamaliza nguvu za kiume, zinaua vitoto vya minyoo ili mbu asivibebe kwenda kwa mwingine. Ila busha likishakuwa kubwa kidonge hakilirudishi, hapo ni kisu, na mara nyingi saa moja haiishi tumemaliza.

Saa moja, na mtu kajificha miaka 18! Namkumbuka mzee mmoja mvuvi aliletwa na mkewe, yeye kainama tu ndani ya msuli wake. "Shikamoo mzee wangu, tatizo nini?" Kimya. Bibi ndo akaongea, kwamba baiskeli aliiacha, baharini haendi, na msikitini pia kaacha kwa sababu kusujudu hawezi na kuswali kwenye kiti mbele ya watu anaona aibu, anaswalia chumbani. Mzee akawa analia kimyakimya wakati mkewe anaongea. Nikamwandikia upasuaji siku ileile, sikutaka aende nyumbani akafikirie.

Wiki ya 6 akarudi kliniki kavaa suruali ya kitambaa, na mkanda, anatembea kama anaenda kuposa. Nyuma yake mjukuu kabeba mkungu wa madafu. "Yako hayo daktari." Masista wakayaangalia, hakuna aliyenyoosha mkono, hata yule anayezungukaga mitaani kugawa dawa za matende! Nikaomba panga kwa mlinzi, nikachonga moja, nikanywa palepale koridoni wote wananitazama.

Mzee akanisogelea akaninong'oneza, "Lakini daktari, wewe likikutoka nani atakupasua?"