Tundu la sindano

Leo jioni hapa Jerusalem, bibi ninayemtunza kanipa sindano nimtungie uzi. Macho yake yamechoka.

Nikakosa mara tatu. (Uzi mweusi, taa hafifu, mngefanyaje?)

Akacheka. Akaniambia midrashi moja, yaani fafanuzi la kale la Kiyahudi la Maandiko: Mungu anasema nifungulieni upenyo wa toba kama tundu la sindano, nami nitawafungulia milango ya kupita mikokoteni.

Nikamkiri: mimi hata kusali dakika moja siku hizi nashindwa, ninatamani tu.

Akamtaja Resh Lakish, mwalimu wa kale wa kwenye Talmudi, kitabu cha mafundisho ya Kiyahudi, anayesimuliwa kuwa aliwahi kuwa jambazi. Alisema ajaye kujitakasa, husaidiwa.

“Husaidiwa,” akarudia, vidole vyake vinavyotetemeka vimeshika changu.

Uzi ukapita.

Jamani, nani mwingine anatamani tu? Niambieni.