Ndama Anapojaa Gesi: Tazama Ubavu Gani Umevimba

Mwezi wa Februari, wakati mvua za Njombe zimekolea na majani yanaota usiku na mchana, mtamba wangu wa miezi mitano alikata kamba kabla ya alfajiri akaingia katika kitalu cha lusini, malisho ya jamii ya kunde, nilichokipanda nyuma ya banda. Nilipomkuta, yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuwa ameshaacha kula. Alisimama ametanua miguu, akiugeukia ubavu wake na kujipiga teke tumboni, na ile sehemu ya kushoto, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, ambayo kwa ng'ombe mwenye njaa huwa imebonyea, ilikuwa imefura hadi kukaribia usawa wa uti wa mgongo. Nilipoigonga kwa vidole ililia kama ngoma.

Upande wa kushoto ndiko liliko tumbo la kwanza, ambalo wataalamu huliita rumeni. Humo majani huchachushwa na vijidudu, na gesi inayotokea hutolewa kwa mbweu mchana kutwa bila sisi kuitambua. Lusini mbichi, hasa ile changa iliyolowa umande, huiteka gesi hiyo ndani ya povu zito, kwa hiyo mnyama hupoteza uwezo wa kupiga mbweu huku gesi ikizidi kutengenezwa. Kinachoua basi si maumivu ya tumbo. Ni tumbo lililotanuka kuyabana mapafu na kuizuia damu kurudi kwenye moyo. Ndiyo maana mnyama anayehema kwa mdomo wazi, ametoa ulimi na kudondosha mate, hana muda wa kusubiri hata nusu saa.

Mtamba wangu alikuwa hajafika hapo. Nilimtoa kitaluni, nikamsimamisha penye mteremko ili miguu ya mbele iwe juu, kisha nikamfunga kijiti kinywani mfano wa lijamu, kwa sababu kutafuna huongeza mate na mate husaidia kulipunguza povu. Baada ya kumpigia simu daktari wa mifugo nilimnywesha takribani mililita 100 za mafuta ya alizeti kupitia pembe ya mdomo, kidogo kidogo, bila kukiinua kichwa chake juu kuliko mgongo. Mafuta huvunja povu, lakini yakipitia njia ya hewa huingia mapafuni na kuleta nimonia, kwa hiyo mnyama aliyelala chali au anayehangaika kupumua hanyweshwi kitu. Kuna wafugaji wanaotumia mafuta ya taa. Mimi sioni sababu ya kumpa mnyama kitu kinachounguza mapafu wakati mafuta ya kula yako jikoni.

Daktari alipofika aliingiza mpira kinywani hadi tumboni. Alihakikisha kwanza kwamba haukuingia katika koo la hewa: aliupuliza huku mimi nikisikiliza mngurumo kwenye ubavu wa kushoto. Kilichotoka kilikuwa povu la kijani, gesi ilikuwa kidogo sana, na hilo likathibitisha kilichokuwa kikiendelea. Aliongeza mafuta kwa kupitia mpira huohuo. Kama mnyama angekuwa amekwamwa na kiazi au kokwa ya parachichi kwenye umio, mambo ambayo huku kwetu si ya ajabu, mpira ungekwama njiani, na mafuta yasingefaa kitu mpaka kizuizi kiondolewe. Kutoboa ubavu kwa trokari, chombo chenye ncha kali na mrija wa kutolea gesi, ni hatua ya mwisho kabisa, pale ambapo mnyama anakufa mbele ya macho yako, na hata hapo povu huweza kuiziba tundu. Jioni mtamba alianza kucheua.

Naandika haya kwa sababu mwaka mmoja kabla yake nilimpoteza ndama wa wiki mbili kwa kudhani kwamba kuvimba kote ni kumoja. Siku ile maziwa yalichelewa, tukampa usiku yakiwa yamepoa, tena mengi kwa mkupuo mmoja. Asubuhi tumbo lilikuwa limejaa pande zote mbili, zaidi upande wa kulia na chini, na ukimtikisa unasikia maji yakicheza kama dumu lililojaa nusu. Nilimnywesha mafuta na kumtembeza. Hakufika saa tano. Daktari alinieleza kwamba kwa ndama anayenyonya tumbo linalofanya kazi kubwa ni la nne. Bakteria wakiyachachusha maziwa humo, gesi na sumu yao huweza kumuua kwa saa chache. Kwa ndama wa aina hiyo mafuta hayasaidii, na kuutoboa ubavu wa kushoto hakufiki panapohusika. Ni kumwita daktari mara moja, basi.

Tangu hapo maziwa hutolewa kwa saa zilezile, yakiwa na joto linalokaribia la mwili, nyuzi 38 au 39, katika ndoo yenye chuchu inayooshwa kila mara. Chuchu si anasa: ndama akinyonya, mfereji maalumu hujifunga na kuyapeleka maziwa moja kwa moja katika tumbo la nne, lakini akigugumia upesi, sehemu yake huweza kumwagikia tumbo la kwanza na kuchachia humo. Lusini nayo tunaikata leo tukailisha kesho ikiwa imenyauka, na kabla ya kuigusa mnyama huwa ameshashiba nyasi kavu.

Yupo bado ndama wa jirani yangu, dume wa miezi minane, ambaye hujaa gesi kila baada ya siku chache bila kula lusini hata jani. Kujaa kunakojirudia namna hiyo huweza kutokana na nimonia ya muda mrefu iliyoathiri mishipa ya fahamu ya tumbo, au na kitu kilichokwama ndani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini ile ya zamani bado hufukuliwa na mvua pembezoni mwa barabara anakochungia. Nimemshauri ampeleke akapimwe kabla ya kununua chupa nyingine ya mafuta.