Ushirika wetu wa Alhamisi na ile spika ya kukodi

Nianze na aliyenipa ushauri mbaya, maana bado ananiuma. Ilikuwa semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya nyumbani. Mwalimu, mgeni aliyevaa suti kamili katika joto la Februari la Mombasa, alitwambia ukimya ni adui wa ibada. Kikundi kikipoa, kiongozi apandishe. Wimbo ukiisha, unganisha mwingine. Mimi nikaandika yote daftarini na kupigia mstari mara mbili.

Nilikuwa na haja, jamani. Aliyekuwa akituongoza hapa Kisauni alihamishwa kikazi, na mzee wa kanisa akaniteua mimi kwa sababu nilikaa karibu na mlango. Tulikuwa watu kumi na mmoja ukitoa watoto. Sauti yangu wanaonijua wanaijua: nikianzisha wimbo, kina mama wanafika ubeti wa pili wamesimamia vidole.

Basi nikakodi kinanda na spika. Pamoja na kijana wa kupiga na tuktuk ya kubebea, ilikuwa elfu nne hivi, labda tano. Hesabu kamili mke wangu hajaambiwa, na hapa siiandiki. Tunakutana uani, chini ya mwarobaini, kwa hiyo spika tuliiweka juu ya karai la kufulia tukalipindua, na stima nikaivuta kutoka chumbani kwa waya wangu mrefu.

Tukaanza saa moja na nusu. Kwamba huo ndio wakati wa Isha, mimi mtoto wa Mombasa, nilisahau kabisa. Kijana kafika kileleni, mimi nimefumba macho na mkono juu, adhana ikaanza msikiti wa mtaa wa pili. Semina haikutufundisha hapo unafanyaje. Nikipandisha, nashindana na majirani, nikishusha, nimepoa. Kabla sijaamua, tokeni za stima zikaisha. Giza. Kinanda kilikatikia katikati ya "Haleluya", na sauti iliyobaki uani ikawa moja tu, yangu, juu sana na vibaya sana.

Mwenye nyumba wetu, bibi mmoja wa Kiislamu, akatokea na tochi ya simu. Nikaanza kuomba radhi. Akanikata: "Mwanangu, hiyo spika mwairudisha lini? Nina harusi ya mjukuu Jumamosi."

Wiki zilizofuata, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilijaribu nyimbo za simu. Nilijaribu kufundisha kwa dakika arobaini. Nikajaribu maombi ya kuzunguka, kila mtu kwa zamu, na baba mmoja akaziombea nchi za Afrika moja moja. Alipofika Sudan wawili walikuwa wamelala. Tukabaki sita.

Aliyenitoa ni jirani Mkatoliki, mama muuza mahamri. Wao wana jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wao wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, kwa hiyo mambo ya kukutana nyumba kwa nyumba wameyazoea. Huku anageuza mahamri kwenye karai, alinipa zile hatua saba zao za kusoma Biblia pamoja, zilizotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: mnamkaribisha Bwana kwa sala, mnasoma, kila mtu anatamka neno lililomgusa bila kulieleza, mnanyamaza, ndipo mnashirikishana, mnakubaliana la kufanya, mnafunga kwa sala.

"Kunyamaza kwa muda gani, mama?"

"Mpaka muwashwe. Halafu kidogo tena."

Alhamisi hiyo tukasoma Marko 4, kuanzia mstari wa 35, dhoruba ile. Ukafika wakati wa kutamka neno. Kina mama watatu wakachukua "Nyamaza, utulie", hilo nililitarajia. Kisha mzee wetu mmoja, ambaye kwa miaka miwili nilikuwa sijamsikia akisema zaidi ya "Amina", akasema: "Shetri."

Tukamgeukia. Hakuongeza kitu, na sheria ilikuwa hiyo. Tukanyamaza. Nilikuwa nimetega simu dakika tatu, na dakika tatu uani na mbu ni ndefu kuliko foleni ya feri Likoni. Ilipotimia, simu ikawika kama jogoo. Mama mmoja akanong'ona, "Petro kamkana," basi utulivu wote ukaishia hapo. Siku hizi nagonga glasi kwa kijiko. Wanaiita Kengeleni, kwa sababu ya ile kengele ya Freretown tunayoipita kila siku kwenye matatu, ya makazi ya watumwa walioachiwa huru.

Tulipoanza kushirikishana, mtoto wa miaka minane akauliza Yesu aliwezaje kulala juu ya mto bila kuzama. Maana ndivyo ilivyoandikwa: "Naye mwenyewe alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto." Mzee akacheka hadi akaweka kikombe chini. "Mto wa kichwa, mjukuu wangu. Lakini shetri, hilo ndilo neno. Omo ni mbele, shetri ni nyuma, na usukani uko shetri. Ujana wangu nilipanda majahazi ya Lamu. Bahari ikichafuka, aliye shetri hapepesi jicho. Sasa huyu kalala palepale penye usukani." Akachukua kikombe chake. "Mimi nisingelala."

Nilitaka kufafanua. Nilikuwa na nukta tatu daftarini. Nashukuru nilizimeza. Na huyo mwalimu wa suti angejua tu kwamba Guigo, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 12, aliandika ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kisha kutulia! Huo ukimya aliouita adui umewekwa kidato cha juu.

Kuhusu nyimbo: kabla ya kuanzisha, vumisha kwanza, mdomo umefumba, pale wimbo unapopanda juu kabisa. Ukipafika bila kunyoosha shingo, rudi mwanzo uanze. Mimi huvumisha nikiwa bado namimina chai, hakuna anayegundua. Mgeni usimtaje jina umwambie aombe. Nilimpoteza dada mmoja hivyo, hakurudi. Na sasa tunaanza baada ya Isha kwisha.

Tumefika kumi na wanne. Spika aliirudisha bibi mwenyewe baada ya harusi, tena na sahani ya pilau juu. Waya wangu ndio sijauona hadi leo, na namna ya kuudai kwa mtu aliyenipa pilau bado naitafuta.