Intaneti ya nyumbani bila waya wa simu: pima kwanza, nunua baadaye

Vijiti vinne kwenye simu havikwambii kitu. Pakua programu ya kupimia mtandao, usome RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia (ni namba hasi; ikikaribia sifuri ndivyo ilivyo bora). Ikiwa kwenye -80 hadi -95 dBm, ruta ya laini ndani ya nyumba inatosha. Ikishuka chini ya -110, fikiria antena ya nje, na hakikisha ruta ina matundu ya kuichomeka.

Kwenye antena ndiko watu wanakoharibu. Chagua ya mwelekeo mmoja yenye nyaya mbili. Igeuze taratibu, nyuzi 10 hivi kila mara, subiri kidogo, kisha soma SINR, yaani usafi wa mawimbi dhidi ya kelele; ikipanda ndiyo bora. Waya usizidi mita 10, maana waya mwembamba ukiwa mrefu unakula faida yote uliyopandia paa. Mlingoti wa antena ukiwa mbali na chumba, afadhali ruta ya nje ikae huko juu, ishushe kebo ya ethaneti, ambayo inafika mita 100.

RSRP nzuri lakini saa mbili usiku kasi inakufa? Mnara umejaa. Antena haitibu hilo. Jaribu laini ya mtandao mwingine.

Setilaiti ije baada ya hapo. Za mzunguko wa chini, kama kilomita 550 juu ya ardhi, zinafaa kwa simu za video. Zile za kilomita 35,786 huchelewesha sauti zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, mnaishia kukatizana maneno. Dishi linataka anga wazi: mti mmoja tu, mawasiliano yanakatika kila mara. Wa sola mpige hesabu ya betri, kwani dishi linaweza kula wati 50 hadi 100 usiku kucha.