Siku tuliyofunua jiwe la askari wetu

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, kusema kweli hata sikulala, kuna herufi moja imenikaa rohoni. Kazi yangu ni kuchonga maandishi kwenye marumaru, makaburi sana sana, na leo jiwe la askari wa kijiji chetu huku Likoni lafunuliwa saa nne. Sasa jana jioni mama wa yule kijana aliyefia Somalia alikuja kuliangalia, akapitisha kidole kwa jina la mwanawe, akaniambia, "Baba, huyu si wangu. Wangu ni Khamisi." Karatasi niliyopewa ilisema HAMISI na mimi nikachonga vile vile, nyumba yao iko hatua chache na sikwenda kumuuliza. Kosa langu.

Saa kumi na mbili unusu nishafika na tindo, nyundo ndogo na rula. Herufi zote ni kubwa kwa hivyo yatakikana K tu mbele ya H, lakini majina yote yameanza mstari mmoja, hiyo K lazima itokeze nje kushoto. Nikafikiria kulisaga jina lote nianze upya, ila marumaru ukiisaga mahali pamoja yaingia bonde na maji ya mvua yakae hapo. Nikaiacha itokeze. Nikapiga polepole, mkono ukitetemeka napumzika, unga mweupe mpaka kwenye kope. Saa moja na robo nikatia rangi nyeusi.

Chai, mahamri, mbaazi, nikarudi.

Kuna mzee tukaketi naye tukingoja watu, babake alipanda meli ya Khedive Ismail hapo Kilindini Februari 1944, kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, wakielekea Colombo. Tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache tu na watu karibu 1,300 wakafa. Mzee alikuwa tumboni bado. Akaniambia hana kaburi la kuzuru, sasa atakuwa akija hapa, nami sikuwa na la kumjibu.

Majina ya waliokufa vita vya 1914 ndiyo yalinisumbua zaidi kuyapata. Ile sanamu ya askari pale Jomo Kenyatta Avenue mjini Mombasa, ya 1927, maandishi yake yasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Na jina la mtu hata moja hakuna! Wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu, maradhi na njaa kuliko risasi, na wengi hawakuandikwa popote. Sisi tulipata wawili tu, kwa kumbukumbu za wazee.

Saa nne ikawa saa tano kasoro, mgeni alichelewa. Hotuba zilikuwa ndefu mno. Lakini sheikh alipoomba dua, akafuata padri, halafu tarumbeta ikalia, hata watoto wa madrasa walinyamaza. Kitambaa kikavutwa. Mamake Khamisi akapita katikati ya wakubwa bila kuomba ruhusa akaenda moja kwa moja kwenye ile K, akaigusa, rangi haikuwa imekauka vizuri ikamshika kidoleni. Akaniangalia kwa mbali akaitikia kwa kichwa.

Saa tisa nafunga vifaa, watu washatawanyika, akaja bibi mmoja mtu mzima sana na mjukuu wake. Nikamwamkia shikamoo. Akauliza, "Marahaba. Hapo chini pana nafasi?" Ami wa babake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, hakurudi. Nikatoa rula nikapima, mistari minne yaingia. Akanitajia jina, nikaliandika kwa penseli nyuma ya ile karatasi ya mwanzo, nikamsomea herufi moja moja, akanisahihisha mara mbili.