Miaka Sita Katika Nyumba ya Bwana

Wapendwa, amani ya Bwana iwe nanyi. Wiki hii tusome 2 Wafalme 11:1-3.

Athalia, mama wa mfalme Ahazia aliyekuwa amekufa, aliangamiza uzao wa kifalme, wajukuu wake wa damu wakiwamo, ili atawale yeye. Yoashi peke yake alinusurika, kichanga bado, akanyakuliwa na shangazi yake Yehosheba. Tunamsifu shangazi huyu kwa ujasiri wa siku ile, na anastahili. Mimi nimekwama kwenye mstari wa tatu: mtoto alifichwa nyumbani mwa Bwana miaka sita. Miaka sita ni meno kuota, homa za usiku, nguo kumbana kila mara. Yehosheba hakuyabeba hayo peke yake. Mlezi wa kumnyonyesha alikuwapo, mumewe kuhani Yehoyada alikuwapo, na nyumba ya Bwana yenyewe ikawapa paa.

Kwetu Kagera habari hii tunaijua. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa mkoani hapa mwaka 1983, bibi zetu, shangazi na wajomba wamezika vijana wao wakarudi nyumbani na watoto wa marehemu. Siku hizi kuna na mengine: mama kalemewa na ugonjwa wa akili, baba yuko gerezani, kijana kaenda mjini kanyamaza.

Mwaka jana jumuiya yetu ilimtembelea bibi mmoja anayelea wajukuu wanne. Tuliimba, tukasali, tukamtia moyo. Akatupikia ndizi na maharage, tukala tukashiba. Wakati wa kuaga nikamwona mdogo wao anakomba sufuria kwa kidole. Tulikuwa tumekula chakula chao cha usiku. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee, na siku ile tuliukalia kabisa.

Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, tunamshukuru Mungu. Lakini bibi yule alifungua fundo la kanga kumtuma mtoto chumvi, nikaona kilichobaki: elfu mbili na mia tano. Sare, daftari, sabuni, dawa zake za presha, vyote vinangoja fundo lile. Wala hasemi. Anaogopa wajukuu wasije wakadhani amewachoka.

Kwa hiyo tusimuulize ana shida gani. Tuangalie wenyewe. Siku yake ya kliniki mmoja wetu abaki na watoto. Mwingine afuatilie vyeti vyao vya kuzaliwa, maana miguu yake haiwezi tena safari za ofisini. Akina baba, bati la jikoni linavuja.

Tulipokuwa tunatoka alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, mimi nikifumba macho, hawa watabisha mlango gani?" Nikamjibu kwamba tutaomba. Jumamosi saa tatu asubuhi tunarudi kwake, kila mtu na kapu lake. Kabla ya wimbo wa kwanza, naomba tuwe na mlango wa kumtajia.