Nyembe nyingi kuliko makali: kumbukumbu ya mradi wa kupunguza

Mwisho wa Januari

Kabla sijavuta droo hata moja nimejiwekea sharti: kila wembe wa kukunja utakaobaki kwenye mkusanyiko wangu uwe tayari kunyoa wakati wowote nitakapounyanyua. Hakuna "huu nitaunoa nikipata nafasi". Hakuna "huu ni wa kutazama tu". Ni sharti dogo, lakini limefuta visingizio vyangu vyote kwa mkupuo. Siulizi tena kabati lina nafasi kiasi gani. Nauliza ninaweza kutunza makali ya nyembe ngapi.

Asiyetumia wembe wa kukunja huenda asione ugumu uko wapi. Karibu nyembe zangu zote ni za chuma cha kaboni, na chuma hicho kinashika kutu. Kwenye ukingo wa makali kimekondeshwa mpaka chini ya maikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo hata kutu isiyoonekana kwa macho inatosha kuyavuruga. Wembe ulionolewa vizuri ukafungiwa mwaka mzima kwenye droo yenye unyevu hautoki kama ulivyoingia. Kila wembe, kwa maneno mengine, ni kazi ya kudumu. Ninazo zaidi ya 40, na uso wa kunyoa ni mmoja.

Lengo: zibaki nane, vinoo viwili, mkanda mmoja wa ngozi wa kulainishia makali.

Februari, mwanzoni

Kuchambua. Taulo jeupe mezani, taa ya pembeni, kioo cha kukuzia, kalipa ya kupimia unene. Sikuzipanga kwa thamani wala kwa umri. Nimeanza na afya.

Kwanza nyufa. Wembe wa bapa jembamba huweza kuwa na ufa unaoanzia kwenye makali na kupanda kuelekea mgongoni, na mara nyingi ukucha huunasa mahali ambapo jicho limepita bila kuona kitu. Wenye ufa umetoka bila mjadala. Kisha mstari wa makali: mazuri yamenyooka, au yana tumbo kidogo katikati. Yaliyobonyea katikati hayakai sawasawa juu ya kinoo wala juu ya shavu, na kuyarekebisha ni kusaga chuma kingi sana. Hayo nayo yametoka.

Kilichonichukua muda ni mgongo. Wembe wa kukunja hunolewa ukiwa umelazwa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, kwa hiyo pembe ya makali imeamuliwa na umbo la wembe wenyewe. Mkono wa mnoaji hauna la kuchagua. Chukua wembe wa upana wa 5/8 ya inchi, karibu milimita 16 kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Mgongo ukiwa na unene wa milimita 4.5, pembe inakuja nyuzi 16 hivi, na hapo ndipo panaponifaa: makali laini yenye nguvu ya kusimama. Sasa mwenyewe wa zamani, kama alipenda kukandamiza, akaula mgongo huo hadi milimita 3.8, pembe inashuka chini ya nyuzi 14. Utanoleka vizuri tu, utakata nywele za mkononi kwa mbwembwe, kisha makali yatamomonyoka baada ya kunyoa mara chache. Tabaka moja la tepu ya mafundi umeme juu ya mgongo hurudisha karibu nyuzi moja. Linasaidia, ila linakufunga: ukiunoa kwa tepu leo, utaunoa kwa tepu siku zote.

Ulikaji peke yake si dosari, lakini. Wembe uliokula mgongo na upana kwa uwiano bado una pembe yake. Ninaoukataa ni ule uliolika upande mmoja, au wenye mgongo uliokonda karibu na ncha na kubaki mnene karibu na mkia, ule upande wa chuma wa kushikia. Kalipa inasema ukweli ambao mng'aro unauficha. Nyembe tatu zilizokuwa fahari ya droo, zimesuguliwa mpaka zinaonekana mpya, zimeanguka hapa.

Februari, katikati

Utaratibu umevurugika kidogo. Nilipofungua sanduku la chini nilikutana na harufu ya kafuri iliyochanganyika na uchachu, na aliyewahi kukaa na nyembe za zamani anajua hiyo ni habari mbaya.

Mipini mingi ya nyakati hizo ni ya seluloidi, yaani nitroselulosi na kafuri. Inaigiza gamba la kasa, inaigiza pembe za ndovu, inang'aa vizuri. Lakini ikizeeka huanza kuoza kwa ndani na kutoa gesi za oksidi za nitrojeni, na gesi hizo zikikutana na unyevu huwa asidi ya nitriki. Utaijua kwa kutu: inatokea palepale bapa linapolala ndani ya mpini, huku mkia ulio nje ukiwa safi. Mpini wenyewe hupata ukungu, hupasukapasuka, au hutoa jasho. Baya zaidi, mvuke ule hauishii kwa mwenye ugonjwa. Unashambulia chuma cha jirani, na unaharakisha kuoza kwa seluloidi nyingine iliyo karibu. Sanduku lililofungwa vizuri ndilo mahali pabaya kuliko pote.

Hakuna dawa ya kuurudisha mpini huo. Mmoja wenye rangi ya gamba la kasa ulikuwa umeanza, na bapa lake ni zuri mno kulitupa. Nimetoboa pini ndogo za shaba zinazoshikilia mpini, nikalitoa bapa, nikaondoa kutu ya juujuu, na kazi ya mpini mpya wa mpingo imeanza. Vipande vya zamani vimetengwa nje, mbali na moto, maana seluloidi huwaka kwa kasi ya kutisha. Nyembe nyingine zote za seluloidi zimehamia mahali penye hewa, kila moja mbali na mwenzake, mpaka zitakapoondoka.

Nikiwa kwenye mipini: mmoja mweupe nilikuwa na mashaka nao. Seluloidi ya kuigiza huwa na mistari iliyonyooka, sambamba, mizuri kupita kiasi. Mfupa una vidoadoa vyeusi, alama za mishipa. Pembe ya ndovu, ukiitazama kwenye ukingo uliokatwa, ina mistari inayokatana kwa mshazari. Wangu unayo. Hivyo hauingii kwenye fungu la kuuza: biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilizuiwa na CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu uamuzi wa 1989, na nchi nyingi zina sheria kali zaidi zinazogusa hata vitu vya kale. Umebaki kwa nguvu ya sheria. Bahati yake unanyoa vizuri, kwa hiyo sharti langu halijavunjwa.

Machi

Zilizosalia zimeingia kwenye mtihani wa shavu. Kinoo kimoja, mkanda mmoja, sabuni moja. Kinachobadilika ni wembe tu. Shavu la kushoto kwa huu, la kulia kwa ule, siku inayofuata nabadilisha upande, kwa sababu mkono wangu wa kushoto ni mzembe na sitaki wembe ulaumiwe kwa kosa lake.

Somo kubwa limetoka kwenye majina yaliyopigwa mkiani. Viwanda vidogo vya Solingen, Ujerumani, vilitengeneza nyembe kwa wingi na kuzipiga jina lolote ambalo muuzaji alitaka: la duka, la msambazaji, la chapa iliyobuniwa kwa ajili ya soko fulani. Nimeweka tatu zenye majina tofauti kabisa sambamba mezani: upana uleule, mashavu ya bapa yamechimbwa vilevile, bega lilelile, mkia wenye mkunjo uleule. Shavuni sikuweza kuzitenganisha. Nilidhani nina nyembe tatu, kumbe nina wembe mmoja wenye vyeti vitatu. Mbili zimetoka, na sikusikia uchungu wowote.

Alama nyingine zinasaidia kukadiria umri. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo wembe wa Sheffield, Uingereza, wenye neno "England" kwa kawaida ni wa baada ya hapo, na ule wenye "Sheffield" peke yake huenda ni wa kabla. Jina la Solingen lenyewe lilipewa ulinzi wa kisheria mwaka 1938. Na kama unajiuliza kwa nini nyembe nyingi za miaka ya 1900 na 1910 zimetufikia zikiwa hazijalika hata kidogo, mshukiwa wangu ni King C. Gillette, aliyeleta mashine ya kunyolea yenye viwembe vya kutupa. Mwaka 1903 kampuni yake iliuza mashine 51 tu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, mashine na viwembe vyake vilikuwa vikigawiwa wanajeshi wa Marekani kwa mamilioni. Waliporudi nyumbani, wembe wa kukunja ulibaki kwenye droo.

Waliofaulu hadi sasa: Solingen wa 5/8 wa bapa jembamba, ule unaolia ukipita kwenye ndevu, ambao ndio ninaoushika asubuhi nikiwa na haraka. Wade & Butcher wa Sheffield, mpana na mzito, wenye umbo la kukaribia kabari; huo haulii, unapita kimya kwa uzito wake na hautetereki kwenye ndevu ngumu za kidevu. Heljestrand wa Eskilstuna, Uswidi, mgumu, unaochelewa kunoleka na kuchelewa kuchoka. Thiers-Issard wa Ufaransa. Ule wa pembe, pia Sheffield. Na bapa linalosubiri mpini. Nafasi mbili bado wazi, na nataka zibaki wazi kwa muda.

Machi, mwishoni

Vinoo. Hapa ndipo kupunguza kumeniletea faida ya kuonekana shavuni.

Kinoo hakihukumiwi kwa namba tu, yaani ulaini wa chembe zake. Jiwe la asili lina tabia yake ya maji, ya mkandamizo, ya sauti, na tabia hiyo huijui kwa kulitembelea mara moja moja. Nimebakiza kinoo cha kutengenezwa cha namba 1000, cha kujenga pembe upya makali yanapokuwa yamekufa kabisa, na kotikule yangu ya Ubelgiji. Kotikule ni jiwe la manjano kutoka milima ya Ardennes, lenye chembechembe nyingi za garneti, madini magumu. Unalisugua kwa kipande kidogo cha jiwe lilelile mpaka linatoa uji mzito, na huo uji unakula chuma kwa kasi. Kisha unaongeza maji tone kwa tone, uji unakuwa mwepesi, kasi inapungua, na unamalizia juu ya maji matupu. Jiwe moja linafanya kazi ya mawe matatu, kwa sharti kwamba unalijua. Mengine yote yametoka, pamoja na pasta za kung'arishia makali za rangi zote isipokuwa ile ya kijani ya oksidi ya kromu.

Kabla ya kuyatoa nimeyasawazisha yote: mistari ya penseli juu ya jiwe, msasa wa maji juu ya kioo, sugua mpaka mistari ifutike kila mahali. Kumpa mtu kinoo kilichobonyea ni kumpa matatizo.

Aprili

Brashi hazikunisumbua. Ya manyoya ya nguruwe imebaki kwa sababu ncha zake zimeshapasuka kwa matumizi na sasa ni laini. Ya nyuzi za plastiki imebaki kwa safari, maana hukauka upesi. Nyingine zote kwaheri. Sabuni ngumu zinakaa miaka, krimu zilizojitenga mafuta na maji zimetupwa. Shabu ni kipande kimoja. Sijui nilitaka vinne vya nini. Mashine za viwembe zimebaki moja, Gillette Tech, isiyo na kitu cha kuharibika.

Mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kitambaa, yamepakwa kila bapa. Vifuko vya ngozi vimeondolewa vyote, kwa sababu vinahifadhi unyevu. Droo ina vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu na iko mbali na bafu.

Aprili, mwishoni

Zinazoondoka zinaondoka na karatasi zake: upana, unene wa mgongo sehemu tatu, aina ya mpini, picha ya makali kwa karibu, na kama uko tayari kunyoa au la. Wa seluloidi nimeandika wazi ni wa seluloidi, na usifungiwe na nyingine.

Lililobaki gumu lilikuwa sanduku la siku saba, nyembe saba zenye mipini ya aina moja, mgongoni mwa kila mmoja pameandikwa siku yake. Likibaki linakula karibu idadi yangu yote. Kuligawa sitaki. Nilipopima migongo, sita zilitofautiana kwa unywele. Ule wa Jumamosi umekonda zaidi ya nusu milimita, na nadhani mwenyewe wa kwanza alikuwa na pa kwenda Jumamosi jioni. Limepata mtu anayetaka kulitumia lote kwa zamu. Nimemwandikia kwamba Jumamosi utahitaji tepu mgongoni, na vipimo vyote saba. Amejibu kwamba tepu anayo.